Nilivyozifukiza Chupa za Maabara

Watu wengi hudhani maabara ya dawa hunuka dawa. Si kweli. Maabara nzuri hainuki kitu chochote. Daktari wetu aliniambia hivyo siku aliyoniajiri kuosha vyombo, nami nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Sikuelewa. Na kutoelewa kwangu kulikaribia kumpotezea mtoto wa watu mwaka mzima wa chuo. Nitalisimulia jambo hilo lote, ila mnivumilie nikizunguka, maana mguu wangu wa kulia una baridi yabisi na kichwa nacho hakipendi kwenda moja kwa moja.

Mimi ni Mnubi wa Kibera. Nilikuja Juba kumfuata binti yangu, ambaye alikuja kumfuata mumewe, ambaye alikuja kufuata lori la kuendesha. Tulikuja kama mabehewa. Tunakaa Sherikat, upande wa pili wa daraja. Wengine wakija huku kutoka Nairobi huhangaika na Kiarabu cha Juba mwaka mzima. Mimi nilishuka kwenye basi nikaomba maji ya kunywa kwa Kinubi cha mama yangu, na mwenye duka akacheka hadi akashika meza. Alisema naongea kama marehemu nyanyake. Kumbe maneno yetu ni yale yale, isipokuwa yangu yalikaa Kibera miaka na miaka bila kubadilishwa nguo.

Shuleni nilifika darasa la tatu. Kusoma najua, kuandika najua polepole, na hesabu zangu ni za sokoni. Basi mtaniuliza niliingiaje maabara. Niliingia kwa mikono. Daktari alikuwa amechoka na waoshaji wanaovunja, na mtu wa msikitini akamwambia kuna mama mmoja wa Sherikat ambaye hajawahi kuvunja kikombe. Hilo lilikuwa uongo, nilishavunja, lakini si vingi.

Maabara yenyewe ni nyumba ya vyumba vinne huko Malakia, nyuma ya maduka, na ukipita nje utadhani ni nyumba ya mtu. Daktari si daktari wa hospitali. Ni daktari wa dawa zenyewe. Mfanyabiashara akileta dawa kutoka nje, kabla hajaiuza hutuletea boksi moja, na daktari hupima kama ndani ya kidonge mna kile kilichoandikwa kwenye karatasi. Ni Mganda, mrefu, mpole, na Kiswahili chake ni cha kwao, nami nakipenda kwa sababu hakikupotezei wakati. Siku ya kwanza aliniletea chupa ya kioo yenye shingo ndefu, akaniambia niioshe nijuavyo. Nikaiosha. Akaijaza maji, akayamwaga, akaiinua dirishani.

"Mama," akasema, "maji nashuka kama shuka. Hii iko safi. Kama maji nasimama matone matone, hapana."

Na ni kweli. Chupa chafu maji husimama ukutani mwake kama jasho la mwongo. Tangu siku hiyo ndivyo ninavyotazama hata sufuria za nyumbani, na binti yangu amechoka nami.

Kazi ina mpangilio wake. Kwanza maji ya tangi, yale yanayoletwa na lori kutoka mtoni. Halafu sabuni. Halafu maji ya tangi tena mpaka povu liishe. Mwisho mara tatu kwa maji ya mvuke, ambayo mashine huyachemsha, yakapanda, yakashuka yakiwa hayana chumvi wala tope wala ladha. Niliwahi kuyaonja. Ni kama kunywa usingizi. Halafu chupa inapinduliwa kwenye kichanja ikauke yenyewe, na kitambaa hakiigusi.

Nilikuwa na miaka miwili katika kazi hiyo msichana alipokuja.

Alikuja wakati wa likizo ndefu, mvua zimeshaanza, viatu vyake ameviweka kwenye mfuko wa plastiki na miguu ina tope hadi magotini. Alikuwa mtoto wa hapa hapa Juba, lakini alikulia Nakuru, vita vilipowafukuza wazazi wake, na sasa alikuwa anasomea dawa chuoni. Chuo kilimtaka akae mwezi mmoja mahali pa kazi. Alikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada la bluu, cha kuandikwa kila siku alichofanya, na mwishoni daktari angekitia sahihi. Bila sahihi, mwaka unarudiwa. Aliniambia hayo siku ya kwanza tukiwa kwenye karo, anaosha miguu na mimi naosha chupa, na aliyasema akicheka, kwa sababu siku ya kwanza mtu huona sahihi ni jambo dogo. Alinisalimia kwa Kiarabu, kisha Kiswahili, kisha akachanganya. Akaniita haboba, yaani bibi, na mimi nikamwita mjukuu. Ikawa tumemaliza.

Wiki mbili za kwanza daktari hakumruhusu kufanya lolote ila kupima uzito. Mizani yetu inakaa ndani ya sanduku la kioo kwa sababu inasikia hata pumzi. Msichana alikuwa akiweka kidonge, anafunga kile kidirisha, anaziba pumzi, anaandika. Anakitoa kidonge kile kile, anakirudisha, anaziba pumzi, anaandika. Asubuhi hadi adhuhuri. Alitoka humo macho yamemtoka kama aliyezama mtoni. Na daktari alimkataza kufuta. Ukikosea, piga mstari mmoja, namba ya zamani ibaki inasomeka, andika ya kweli pembeni, weka tarehe. "Hapa hakuna kufuta," alikuwa akimwambia. "Siku mbaya nabaki kwa kitabu. Wewe naeleza tu kwa nini iko mbaya."

Mimi niliona huo ni ukali usio na maana. Kwetu jambo baya linafunikwa na maisha yanaendelea. Lakini subirini.

Siku daktari alipotoka kidogo, msichana aliniita nilete unywele wangu mmoja. Nikang'oa mmoja mweupe. Akaupima kwenye mizani ile, akang'oa wake, akaupima pia. Wangu ulikuwa mzito kuliko wake.

"Haboba, wako umebeba nini?"

"Wakwe," nikamwambia.

Alicheka hadi ikabidi atoke nje, maana kicheko chake kilikuwa kinaitikisa mizani. Alikuwa hivyo. Aliimba akisaga vidonge. Alivisemesha vidonge. Tulipokunywa chai alinieleza kila alichojifunza, na mimi, ambaye kwa miaka miwili nilikuwa naosha vyombo bila kujua vinafanya nini, nilijua sasa. Kuna mashine ya mwanga. Unasaga kidonge, unakiyeyusha ndani ya chupa ya shingo ndefu, unachukua kidogo unatia kwenye kijichupa cha mraba, unakiingiza kwenye mashine. Mwanga unapita, na mashine inachora mstari. Ukitia maji matupu, mstari unalala. Ukitia dawa, mstari unainuka kilima. Kilima kikiwa cha kimo kile kinachotakiwa, kidonge kina dawa ya kutosha. Kikiwa kifupi, mtu ameuza unga. Mimi nilipenda sana hayo ya kilima. Nilikuwa nikimaliza karo naenda kusimama nyuma yake nitazame.

Basi wiki ya tatu daktari akampa kazi yake mwenyewe, ile ambayo ndiyo ingetiwa sahihi. Vidonge vya homa, boksi moja. Avipime siku tatu tofauti, na vilima vya siku zote tatu viwe sawa. Jumatatu alipima, kilima kikatoka kizuri, akaandika kitabuni kwa herufi nzuri. Zilibaki siku mbili. Alikuwa na wiki mbili za kuzipata, tukadhani atamaliza mapema akakae na mama yake.

Jumanne aliinua chupa kutoka kabatini ili aanze kujiandaa, akaiweka puani, akakunja uso. "Haboba," akasema bila ubaya, "hii inanuka kama soksi."

Mvua ilikuwa imenyesha siku sita. Kabati lilikuwa limelowa nyuma, lile la mbao, na uvundo ulikuwa umeingia humo. Yeye alisema na akasahau. Aliisuuza kwa maji ya mvuke akaendelea na mambo yake. Mimi sikusahau. Mwanamke aliyekuzwa na nyanya yangu huwezi kumwambia chombo chake kinanuka soksi akalala vizuri.

Hapa ndipo inabidi niwaeleze habari ya moshi. Kwetu mgeni hapewi maji kwenye kikombe kilichooshwa tu. Kuosha ni kazi ya mikono, kila mtu anaweza. Kikombe kinafukizwa. Unaweka kaa la moto kwenye chetezo, unatupia chembe za ubani, unakipindua kikombe juu yake hadi kiumeze ule moshi, ndipo unatia maji. Mgeni akinywa, harufu inapanda puani kabla maji hayajashuka kooni, na anajua amekaribishwa. Nyanya yangu alifukiza mtungi, alifukiza vikombe, alifukiza nguo za arusi na za kilio, na jirani asiyefukiza tulimsema sana. Mimi mwenyewe nanukia ubani tangu siku ya arusi yangu, kwa hiyo mtu akisikia harufu hiyo nilipo hashtuki.

Mnaona tunakokwenda.

Siku ile nikitoka kazini nilipita soko la Konyo Konyo nikanunua ubani mzuri, ule mweupe unaotoa machozi ya maziwa, si ule mweusi wa kufukuzia mbu. Jumatano nilifika kabla ya watu wote. Nikawasha makaa matatu nje kwenye veranda, nikatoa chupa za mjukuu wangu, zake tu, nikazipindua moja moja juu ya chetezo. Moshi ukapanda kwenye zile shingo ndefu ukajaa tumbo la kioo, mweupe, ukazunguka. Sijui niseme nini, zilikuwa nzuri. Nikazirudisha kabatini zikiwa zimefunikwa vifuniko vyake. Alipofika akanusa hewa akasema leo maabara inanukia kama sikukuu. Nikafurahi siku nzima, nikaamua kufukiza kila asubuhi.

Siku hiyo kilima kilitoka kirefu kupita kiasi.

Alirudia, kikatoka kirefu tena. Alhamisi kikawa kirefu zaidi. Daktari akatazama, akamwambia arudie kupima uzito, labda mkono wake una haraka. Msichana akaziba pumzi, akapima, akaandika. Jumamosi kilima kilikuwa kinataka kutoboa juu ya kioo cha mashine, na vidonge ni vya boksi lile lile.

Daktari alisimama mbele ya ile picha mikono nyuma. "Kidonge haiko na mimba," akasema. "Dawa naongezeka namna gani?"

Nilicheka peke yangu. Msichana hakucheka. Daktari akamweleza polepole, kwa upole kabisa, na upole wake ndio uliotisha. Alisema Ijumaa ijayo anasafiri kwenda Kampala, na hatarudi kabla chuo hakijafunguliwa. Alhamisi ndiyo siku ya mwisho. Anataka siku tatu zinazolingana. Na hata zikipatikana, zile siku mbaya lazima zielezwe sababu, na sababu iwe ya kuonyeshwa, si ya kukisia. Watu wanameza hivi vitu, alisema. Yeye hawezi kutia sahihi kwenye kitu asichokijua.

Msichana alifunga kitabu chake cha bluu, akakaa amekikumbatia. Mama yake alikuwa ameshawaambia majirani wote kwamba mwaka ujao ni wa mwisho.

Mimi nilifanya nini? Nitasema ukweli, maana nimeshazeeka. Niliamua ni kijicho. Msichana mzuri, mwerevu, anaimba. Lazima kuna jicho limemwona. Na dawa ya kijicho kwetu mnaijua. Nikaongeza ubani.

Jumatatu asubuhi nilitaka kuwahi nifukize mara mbili, lakini malori yalikuwa yamekwama darajani, moja limelala upande, na boda boda yangu ikasimama huko na mimi na chetezo changu ndani ya kikapu. Nilifika saa nne. Nilimkuta mjukuu anacheza. Si mfano, alikuwa anacheza, ile ya kwao ya kuruka, peke yake katikati ya maabara, na koti lake jeupe linaruka naye. Alikuwa amechukua chupa kutoka ndani kabisa ya kabati, ambazo hazikutumika siku nyingi, akazisuuza mwenyewe, akapima. Kilima kilikuwa sawasawa na kile cha Jumatatu ya kwanza. Akanishika mikono tukacheza wote, mguu wangu na baridi yabisi yake. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Na kumshukuru zaidi, Jumanne nikafika mapema sana nikafukiza chupa zote alizokuwa nazo, ubani kiganja kizima.

Jumanne kilima kilikuwa kirefu kuliko vyote.

Aliketi sakafuni, mgongo kwenye kabati. Nilidhani atalia. Lakini nilikuwa simjui bado. Alikaa, akakaa, kisha akainuka akafanya jambo ambalo sikuliona maana yake: akatia maji ya mvuke matupu kwenye chupa ya shingo ndefu, akaitikisa, akapeleka kwenye mashine. Maji matupu, bila hata vumbi la dawa. Mstari ukainuka kilima. Akachukua maji yale yale moja kwa moja kutoka kwenye dumu lake, bila kupitia chupa. Mstari ukalala.

Aligeuka akanitazama, na akaona haya kabla yangu.

"Haboba, usikasirike. Nieleze unavyoosha. Kila kitu."

Nilikasirika. Miaka miwili, na kibali cha daktari dirishani! Lakini nikamweleza: maji ya tangi, sabuni, maji ya tangi, mara tatu maji ya mvuke, kichanja. Akaandika kila neno kama shahidi mahakamani. Kisha akaniomba nioshe moja mbele yake, hapo hapo mchana. Nikaosha. Akaisubiri ikauke, akatia maji matupu, akapima. Mstari ukalala kama mtoto aliyeshiba.

Akasema polepole, anajisemea mwenyewe zaidi kuliko mimi: "Ukiosha nikiwepo iko sawa. Ukiosha asubuhi kabla sijafika, haiko sawa."

Hata hapo sikuona. Naapa. Kama mtu angeniuliza natia nini kwenye chupa zile, ningesema sitii kitu. Moshi si kitu. Moshi hauoshi, hauchafui, ni adabu tu, kama kusema karibu. Niliona nikiwa nyuma ya boda boda, tunapita darajani kurudi nyumbani. Mbele yetu kulikuwa na lori bovu linafuka, na dereva wangu alipotoka pale akajipangusa uso kwa kiganja, akanionyesha. Kiganja cheusi. Nikatazama kile kiganja mpaka tukafika Sherikat.

Niliswali magharibi vibaya siku ile, nikaruka rakaa ikabidi nirudie. Nilikuwa napiga hesabu, na hesabu ilikuwa rahisi hata kwangu. Nikiacha tu kufukiza, nisiseme neno, kesho chupa zitakuwa safi, kilima kitakuwa sawa, na hakuna atakayejua kamwe. Kazi yangu ninabaki nayo. Lakini zile siku nne mbaya ziko kitabuni kwa kalamu, na hapana kufuta. Daktari anataka sababu ya kuonyeshwa. Sababu nilikuwa nayo mimi, ndani ya kikapu, imefungwa kwenye gazeti. Nikinyamaza, yeye anarudia mwaka. Nikisema, pengine narudi kukaa nyumbani kutazama sufuria za binti yangu, na binti yangu angelia kuliko mimi.

Jumatano nilifika mapema vile vile. Sikuwasha moto. Nilikaa kwenye veranda na chetezo mapajani mpaka msichana akaja na viatu vyake kwenye mfuko.

"Mjukuu," nikamwambia, "liko jambo sikukueleza jana, kwa kuwa sikulihesabu kuwa ni kazi."

Nikamweleza soksi, na Konyo Konyo, na kijicho, na jinsi nilivyozidi kuongeza. Alinisikiliza mdomo wazi. Nilipofika kwenye kiganja kizima cha ubani, akashuka taratibu akakaa kwenye ngazi, akauficha uso kwenye kanga yangu, na mabega yakaanza kutikisika. Nikampigapiga mgongo, nikamwambia malesh, malesh bintangu, samahani. Alipoinua uso nikaona alikuwa anacheka mpaka machozi.

"Haboba, ulikuwa unanikaribisha."

"Nilikuwa nakukaribisha."

"Mara nne."

Kisha akaacha kucheka, akasimama, akawa mtu mwingine, mtu wa kazi. Aliniomba niwashe makaa. Tukaosha chupa mbili pamoja, yeye moja mimi moja, hatua kwa hatua. Moja tukaiacha. Nyingine akanipa akasema niifukize vile vile nilivyokuwa nafanya, nisipunguze chochote kwa woga. Nikafukiza. Katika maisha yangu yote sikuwahi kufukiza chombo mtu akinitazama na kalamu, akiandika muda kwa saa ya mkononi na kuuliza chembe ngapi. Daktari alifika tukiwa katika hali hiyo, moshi umejaa veranda, mimi nimechuchumaa, mwanafunzi wake anahesabu.

Msichana akampa habari kwa Kiingereza, haraka haraka, na mimi nikasimama na chetezo kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani. Wakaingia ndani. Nikawafuata, maana niliona ni afadhali nifukuzwe ndani kuliko nje. Chupa ya kwanza, maji matupu, mstari ukalala. Chupa ya pili, maji yale yale, kilima. Picha zote mbili zikakaa moja juu ya nyingine, bonde na mlima.

Daktari aliinua ile chupa ya pili akatia pua kwenye shingo yake, akavuta pumzi ndefu, akafumba macho.

"Mama, nani alikufundisha hii?"

"Nyanya yangu."

"Na yeye alikuwa napima dawa?"

"Hapana. Alikuwa anakaribisha wageni."

Akaiweka chupa chini kwa uangalifu. Akatoka. Nikasikia mlango wa ofisi yake, na droo, na nikajua anatafuta karatasi ya kuniandikia. Msichana alinishika mkono, wake ulikuwa baridi kuliko wangu. Daktari akarudi. Hakuwa na karatasi. Alikuwa na kikombe chake cha kunywea, kile cha bati chenye maua ambacho hakumpa mtu kukigusa.

"Hii unafukiza," akaniambia. "Kila siku. Hizo zingine, hapana." Kisha akaongeza, sasa akitabasamu na meno yote: "Mimi iko na miaka ishirini kwa hii kazi, lakini hii sijaona."

Siku hiyo hiyo msichana alipima vidonge kwa chupa zisizo na ukarimu wowote, na kilima kikatoka. Jumatatu, Jumatatu, na Jumatano. Alivipanga vilima vitatu kwenye kioo cha mashine, akaniita. Nikatafuta vilima vitatu, nikaona kimoja. Nikamuuliza vingine viko wapi. Akaniambia viko hapo, vimelaliana, ndiyo maana yake.

Alhamisi daktari alikaa na kile kitabu cha bluu tangu asubuhi. Alisoma kila ukurasa. Kwenye zile siku nne mbaya aliuliza maswali, na msichana akajibu, na picha za chupa mbili zikabandikwa hapo kwa gundi, chini yake imeandikwa kwamba vyombo vilifukizwa ubani na mwoshaji kwa nia njema. Hilo la nia njema daktari alisema si la kisayansi. Msichana alisema ni la kweli. Wakabishana kidogo. Likabaki. Akatia sahihi, kubwa, yenye mkia, akapuliza wino ukauke ingawa kalamu ilikuwa ya kawaida.

Kabla msichana hajaondoka alipewa kazi moja ya mwisho. Ukutani juu ya karo kuna karatasi ya sheria za kuosha, sheria kumi na moja, zote zimekuja kutoka vitabu vya nje, na daktari alimwambia aandike ya kumi na mbili. Aliiandika kwa Kiswahili, na chini yake kwa Kiarabu cha Juba, kwa wino mwekundu: vyombo vya kunywea vifukizwe, vyombo vya kupimia visifukizwe. Akanisomea mara mbili. Nikamwambia mara moja yatosha, naijua.

Kabati la mbao lilitolewa, likaja la chuma. Siku hizi wanafunzi wengine huja wakati wa mvua, wakavua viatu, wakaosha miguu, na wakiwa hapo kwenye karo macho yao hufika kwenye ile sheria ya mwisho. Wote huuliza, ni nani huyo aliyefukiza? Ninawaambia ni mimi, wakae chini, nawaletea maji ya kunywa.